Fazi ya kujitengenezea: tranzista moja, jozi, au nne?

Mwenye bodi ya matundu, chuma cha kulehemu na mfuko wa tranzista za BC547 kutoka Kariakoo hakwami kwenye kulehemu. Anakwama kabla ya hapo: azipange vipi? Michoro ya pedali za fazi, yaani zinazoipa sauti ya gitaa mkwaruzo, ni mingi, lakini mingi kati ya hiyo ukiichambua unakuta inatokana na mipangilio mitatu. Upo wa tranzista moja, au mbili zilizobebana zikafanya kazi kama moja, na huo wa mbili ndio unaoitwa Darlington. Upo wa jozi, tranzista mbili zinazorudishiana mawimbi, ambao ndio uti wa mgongo wa pedali ya Fuzz Face iliyotoka London mwaka 1966. Na upo mnyororo wa tranzista nne wenye dayodi katikati, ambao dunia iliuzoea kupitia pedali ya Big Muff ya New York.

Wengi huuchukulia utatu huu kama ngazi: moja ni ya wanaoanza, nne ni ya waliobobea. Si ngazi. Kila mpangilio humjibu mpiga gitaa kwa namna yake, na kinachoamua ni mambo mawili: gitaa lako linachomekwa wapi, na mkono wako unakigusa mara ngapi kitasa cha volyumu ya gitaa.

Vigezo

Kila mpangilio hapa umepimwa kwa mambo yaleyale. Kwanza, sauti yake, na inavyobadilika ukipunguza volyumu ya gitaa. Pili, spea na kazi ya kuunga. Tatu, volti unazotakiwa kuziona kwenye mita. Nne, kinachoharibika na sababu yake. Tano, inamfaa nani. Bei ya tranzista haimo, kwa sababu tranzista za silikoni ni miongoni mwa spea za bei ndogo kwenye kazi hii. Kinachokula hela ni boksi, jeki na swichi ya mguu, na hivyo ni vilevile kwa mipangilio yote mitatu.

Kabla ya kuchagua: miguu na ukuzaji

Chanzo kikubwa cha pedali mpya kunyamaza ni miguu ya tranzista. Ishike upande bapa ukikutazama, miguu ikielekea chini, uisome kutoka kushoto. BC547 ni kolekta, beisi, emita. 2N3904 na S9014 ni emita, beisi, kolekta. C1815 na C945, ambazo mafundi redio wanazo tele na ambazo hupatikana ndani ya pawasaplai za kompyuta zilizokufa, ni emita, kolekta, beisi. Kosa baya kuliko yote ni kuweka 2N3904 mahali pa BC547 bila kuigeuza, maana pedali hutoa sauti, ila dhaifu: kolekta na emita zimebadilishana, na tranzista iliyowekwa kinyume hukuza kidogo sana. Mtu anaweza kubadilisha kapasita zote na tatizo likabaki palepale.

Ukuzaji, yaani hFE, husomeka kwenye herufi ya mwisho. BC547A iko kati ya 110 na 220, B kati ya 200 na 450, C kati ya 420 na 800. Kwa C1815, herufi O ni 70 hadi 140, Y ni 120 hadi 240, GR ni 200 hadi 400, na BL ni 350 hadi 700. Hata hivyo usiamini herufi peke yake. Mita ya bei ndogo yenye tundu la hFE inatosha: pima kila tranzista, andika namba kwenye kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi, bandika. Nusu saa hiyo ina thamani kubwa kwenye mpangilio wa jozi, ina thamani ndogo kwenye mnyororo, na kwa Darlington unaweza kuiruka.

Darlington: tranzista mbili zinazofanya kazi kama moja

*Sauti.* Nzito, ya kuungurama, yenye kingo kali. Noti haizimi taratibu. Ikishapungua kiasi fulani inakatika ghafla, kwa sababu wimbi dogo halina nguvu ya kuisukuma tranzista ifanye kazi. Nyuzi mbili au tatu zikipigwa pamoja husagana na kutoa sauti nyingine ambazo hukuzipiga. Kupunguza volyumu ya gitaa hakuisafishi sauti, kunaifanya ikatike mapema zaidi. Kwenye gitaa la besi tabia hizo zinageuka kuwa uzuri: noti moja moja, nene, zenye mwisho mkavu.

*Spea na kuunga.* Tranzista mbili, dayodi moja ya 1N4148, rezista ya 10k (omu 10,000), kapasita ya maikrofaradi 4.7 ya kuingilia, kapasita ya nanofaradi 100 ya kutokea, na volyumu ya 100k. Basi. Emita ya tranzista ya kwanza inaingia kwenye beisi ya pili. Kolekta zote mbili zinaungana na kupokea volti 9 kupitia ile 10k. Emita ya pili inakwenda ardhi, yaani hasi ya betri. Dayodi inakaa kati ya kolekta na beisi ya kwanza, mstari wake ukielekea beisi. Upande chanya wa kapasita ya kuingilia uwe kwenye beisi. Kama kila tranzista ina ukuzaji wa 200, zote mbili pamoja zinafika 40,000, ndiyo maana kupima hFE hapa hakubadilishi mengi.

*Volti.* Kwenye kolekta, kati ya 1 na 2. Hakuna cha kurekebisha.

*Kinachoharibika.* Ukisoma karibu volti 9, dayodi imegeuzwa au haijashika, na beisi haipati mkondo wowote. Ukisoma karibu sifuri, miguu imechanganywa. Ikiwa sauti ni ya matope kwenye gitaa la solo, punguza kapasita ya kuingilia hadi nanofaradi 100. Ukitaka sauti itoke kubwa zaidi, ondoa dayodi uweke LED nyekundu, mguu mfupi ukielekea beisi. Volti ya kolekta itapanda kidogo na wimbi litapata nafasi zaidi.

*Inamfaa* mpiga besi, na anayeunga kwa mara ya kwanza akitaka kusikia matokeo jioni hiyohiyo.

Jozi yenye mrejesho: pale tranzista yenyewe inapoonekana

*Sauti.* Hapa ndipo kwenye utajiri. Ukifungua kila kitu, fazi ni nene na inaimba. Ukirudisha volyumu ya gitaa kutoka 10 hadi 6 au 7, mkwaruzo unaondoka na inabaki sauti safi yenye kung'aa. Hiyo haitokani na ufundi wa siri. Mlango wa pedali hii una ukinzani mdogo sana, hivyo pikapu ya gitaa, kitasa chake na tranzista ya kwanza vinakuwa sakiti moja. Ukigeuza kitasa unabadilisha sakiti yenyewe, si ukubwa wa wimbi tu. Kwa sababu hiyohiyo jozi inataka kuwa ya kwanza baada ya gitaa. Ukitanguliza pedali yoyote yenye bafa (sakiti inayoitenganisha pikapu na kinachofuata), hata ikiwa imezimwa, uhusiano huo unakatika na sauti inakuwa kali kama bati.

*Spea na kuunga.* Tranzista mbili za NPN (aina ambayo kolekta yake hulishwa chanya). Rezista za 33k, 100k na omu 470. Trima (rezista ndogo inayogeuzwa kwa bisibisi) ya 10k. Kapasita za maikrofaradi 2.2 na 22, na ya nanofaradi 10. Kitasa cha fazi cha 1k na volyumu ya 500k. Kolekta ya kwanza inapata umeme kupitia 33k na inaungana moja kwa moja na beisi ya pili, bila kapasita. Kolekta ya pili inapata umeme kupitia trima kisha 470, na sauti inachukuliwa pale trima na 470 zinapokutana, ikipitia nanofaradi 10 kwenda kwenye volyumu. Emita ya pili inapanda kwenye kitasa cha 1k, ambacho mguu wake wa mwisho unakwenda ardhi moja kwa moja na wa kati kupitia maikrofaradi 22, chanya kikitazama kitasa. Rezista ya 100k inarudi kutoka emita ya pili hadi beisi ya kwanza. Huo ndio mrejesho.

*Volti.* Geuza trima hadi kolekta ya pili isome volti 4.5. Kolekta ya kwanza itakuwa kwenye 1.3 hivi. Michoro mingi ya zamani inaonyesha rezista ya 8.2k badala ya trima, na hapo ndipo wanaotumia silikoni hukwama. Thamani ile ilipangwa kwa tranzista za zamani za jemaniamu. Silikoni inahitaji volti 0.6 hivi kwenye beisi, hivyo emita ya pili hupanda hadi karibu 0.7, mkondo wa miliampia 0.7 unapita kwenye kitasa cha 1k, na mkondo huohuo ukipita kwenye 8.2k pamoja na 470 unakula volti 6. Kinachobaki kwenye kolekta ni 3 tu. Wimbi linakatwa upande mmoja kabla ya mwingine, noti zinapasuka mwishoni. Kwa tranzista za ukuzaji wa 200, trima hutulia kati ya 5k na 6k.

*Uchaguzi wa tranzista.* Kawaida ya wanaounga ni kuweka yenye ukuzaji mdogo kwanza na yenye mkubwa pili. Kwa jemaniamu hutafutwa 70 hadi 80 mbele na 110 hadi 130 nyuma. Kwa silikoni, C1815 ya O mbele na Y nyuma inakaribia mpangilio huo, na BC547A inafaa. BC547C mbili zitafanya kazi, lakini zitatoa mlio mkali na zitanasa redio. Ikitokea hivyo, weka kapasita ya pikofaradi 47 hadi 100 kati ya kolekta na beisi ya tranzista ya kwanza, karibu na miguu yenyewe. Mlio utapungua na sauti italainika. Tumia soketi badala ya kulehemu tranzista moja kwa moja. Mpangilio huu ndio pekee kati ya mitatu ambapo kubadilisha tranzista husikika wazi.

*Kinachoharibika.* Volti zikikataa kutulia, mara nyingi ni maikrofaradi 22 iliyogeuzwa au miguu ya kitasa cha 1k iliyochanganywa. Sauti ikiwa ndogo kuliko ya gitaa lenyewe, ujue rezista ya 470 inatoa sehemu ndogo tu ya wimbi lililo kwenye kolekta. Weka 1k, kisha rekebisha trima upya.

*Inamfaa* anayepiga kupitia amplifaya, anayependa kuendesha kila kitu kwa kitasa cha gitaa, na mwenye subira ya kupima.

Je, jemaniamu?

Swali hili hufuata jozi popote ilipo. Redio za zamani zilizokufa bado zina tranzista za jemaniamu za AC128 na nduguze, na mafundi wakongwe huwa na makopo yake. Sauti yake ni laini zaidi kwenye kingo. Ila joto la Dar si rafiki yake. Jemaniamu huvujisha mkondo hata beisi isipolishwa kitu, na uvujaji huo huongezeka takribani mara mbili kila joto linapopanda nyuzi 10. Pedali iliyorekebishwa usiku wa Julai ikiwekwa kwenye jukwaa la wazi mchana wa Januari, volti 4.5 zako zimeshahama. Ukiamua kuitumia, weka trima mahali unapoweza kuifikia bila kufungua boksi.

Kupima uvujaji wa PNP, aina iliyo kinyume cha NPN: emita kwenye chanya ya betri ya volti 9, kolekta kwenye rezista ya 2.4k inayokwenda hasi, beisi usiiguse. Pima volti kwenye rezista. Volti 0.24 ni maikroampia 100, kiwango kinachovumilika kwa tranzista ya kwanza. Usiishike kwa vidole wakati wa kupima. Joto la mkono linabadilisha namba. Na kabla ya kulipa, iguse kwa kipimo cha dayodi kati ya beisi na emita: jemaniamu halisi husoma 0.2 hadi 0.3, silikoni iliyoandikwa upya husoma 0.6 au zaidi.

AC128 ni PNP, hivyo sakiti yake ya asili ina ardhi chanya. Usiilishe kwa adapta moja na pedali za kawaida kupitia waya wa matawi. Ardhi zikigusana kwenye jeki, adapta imepigwa shoti.

Mnyororo wa nne wenye dayodi

*Sauti.* Noti inakaa muda mrefu, laini kama fidla. Tranzista ya kwanza inakuza, ya pili na ya tatu kila moja ina dayodi mbili zinazokata vilele vya wimbi, ya nne inarudisha nguvu iliyopotea kwenye toni. Volyumu ya gitaa haibadilishi mengi. Ukiipunguza bado unabaki na fazi. Sauti za kati, karibu na herzi 1,000, zimechimbwa na sakiti ya toni. Ukiwa peke yako chumbani inasikika pana na tamu. Kwenye bendi ya dansi yenye magitaa mawili, kinanda na tarumbeta, solo lako linaweza kuzama, kwa kuwa pale lilipochimbwa ndipo wengine walipojaa.

*Spea na kuunga.* Zaidi ya 40. Hatua tatu za mwanzo zinafanana: rezista ya 470k kutoka kolekta hadi beisi, 100k kutoka beisi hadi ardhi, 10k kwenye kolekta, omu 150 kwenye emita, na pikofaradi 470 kati ya kolekta na beisi. Kwenye hatua ya pili na ya tatu unaongeza dayodi mbili za 1N4148 zilizotazamana kinyume, zikifuatana na kapasita ya maikrofaradi 1 kati ya kolekta na beisi. Kapasita hiyo ikisahaulika, dayodi zinaunganisha kolekta na beisi moja kwa moja, volti zinaanguka na hatua hiyo inakufa. Hatua ya nne iko tofauti: 430k na 100k zinagawa umeme kwenye beisi, emita ina 2.7k.

*Volti.* Kolekta zote karibu na 4 hadi 5.5. Emita ya nne iwe na volti 1 hivi. Mpangilio huu hausumbui kuhusu tranzista, kwa kuwa kila hatua inajirekebisha kupitia ile 470k. Ukuzaji ukiwa 150 au 500, namba zinasogea kidogo tu. Anayebadilisha tranzista hapa akitafuta sauti mpya anapoteza muda. Kinachosikika ni kapasita na sakiti ya toni.

*Kinachoharibika.* Kwa wingi wa spea, kosa halionekani kwa macho. Tengeneza kichunguzi cha sauti: kebo ya gitaa iliyokatwa, ardhi yake imefungwa kwenye ardhi ya pedali, waya wa ndani una kapasita ya nanofaradi 100 mwishoni. Chomeka kwenye amplifaya, piga gitaa, gusa kolekta moja baada ya nyingine. Sauti inapoishia, kosa liko kati ya hapo na hatua iliyotangulia. Anza volyumu ya amplifaya ikiwa chini, kwani mnyororo huu una nguvu nyingi.

*Kurudisha sauti za kati.* Toni ya asili ina 39k na nanofaradi 10 upande wa besi, nanofaradi 4 na 22k upande wa juu. Badilisha 39k kuwa 22k, na nanofaradi 4 kuwa 10. Pande zote mbili zinakutana karibu na herzi 720, na shimo linafukika.

*Inamfaa* anayetaka noti ndefu bila kuhangaika na kitasa cha gitaa, na mwenye pedali nyingine mbele, maana mlango wake hauchagui kilichotangulia.

Umeme na boksi

Darlington na jozi hutumia chini ya miliampia 1 au karibu yake, mnyororo karibu 2. Taa ya LED yenye rezista ya 2.2k inakula zaidi ya 3 peke yake. Ukitumia betri, ipe taa 10k.

Adapta za ruta ziko kila nyumba, lakini nyingi zina chanya katikati, wakati pedali kwa kawaida hutaka hasi katikati. Hakikisha kwa mita, na weka dayodi ya 1N4007 kwenye njia ya chanya ili kosa lisiue kitu. Utapoteza volti 0.6 hivi, basi rekebisha trima ya jozi baada ya kuiweka. Kupunguza mlio wa adapta, pitisha umeme kwenye omu 100 kisha maikrofaradi 100 kwenda ardhi. Boksi liwe la bati au alumini na lishike ardhi. Boksi la bati la nyaya za umeme kutoka duka la vifaa vya ujenzi linatosha. Plastiki itakuletea mvumo. Kwa hewa ya chumvi ya pwani, paka vanishi safi upande wa shaba baada ya pedali kufanya kazi, si kabla.

Chagua kwa hali yako

Unapiga besi, au hujawahi kulehemu: Darlington. Spea zake zote utazitumia tena baadaye.

Unapiga solo kupitia amplifaya, pedali chache, na unapenda kupanda na kushuka ndani ya wimbo mmoja: jozi ya silikoni. Jemaniamu iongeze baadaye, kwenye soketi zilezile ukiwa na ya NPN kama AC127, au kwenye bodi nyingine ukiwa na PNP.

Unapiga kanisani au ukumbini na gitaa linaingia moja kwa moja kwenye mikisa: jozi na Darlington zitakwaruza masikio, kwa sababu hakuna spika ya gitaa ya kukata sauti za juu. Chukua mnyororo, toni ikiwa chini ya nusu. Kama tayari una jozi, weka mwishoni, baada ya volyumu, rezista ya 10k ikifuatiwa na nanofaradi 4.7 kwenda ardhi; inaanza kukata kwenye herzi 3,400 hivi.

Uko kwenye bendi yenye magitaa mawili au zaidi: jozi, au mnyororo uliofukiwa shimo la sauti za kati. Mnyororo wa asili ujaribu mazoezini kwanza, bendi nzima ikipiga, na mtu mwingine akisikiliza kutoka nyuma ya ukumbi.

Una wah (pedali ya kukanyaga inayobadilisha toni) au bafa ambayo huwezi kuiondoa mbele ya fazi: mnyororo. Ukiing'ang'ania jozi, weka rezista ya 10k kati ya bafa na mlango wake. Haitarudisha uhusiano wote na kitasa cha gitaa, ila ukali utapungua.

Huna uhakika bado: unga jozi kwenye bredibodi, yaani bodi ya kujaribia bila kulehemu, bila boksi, kwa betri, pamoja na tranzista sita zilizopimwa. Ukijikuta hukigusi kitasa cha volyumu ya gitaa hata mara moja kwa wiki nzima, nenda kwenye mnyororo.